Haijakataliwa Bado

Profesa hakuwa mtu wa kusema "ndiyo". Ungemletea matokeo ya jaribio ulilohangaika nalo wiki nzima, ukasimama mbele ya meza yake ukingoja sifa, naye angevua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti lake jeupe la labo, akautazama mchoro wako hadi ukaanza kujuta kuuleta. Kisha angesema: "Bon. Haiyakataliwa bado." Sifa zake ziliishia hapo. Sisi tuliopita mikononi mwake chuoni Lubumbashi, miaka ile ya sabini, kila mmoja anaweza kuliiga neno hilo pamoja na ile pumzi ndogo ya puani iliyolitangulia.

Wengi walimchukia kwa neno hilo. Mimi nilimpenda, na kumpenda kwangu ndiko kunakonikosesha raha, maana mtu huyu ndiye aliyetamka sentensi iliyomtoa baba yangu kazini na kututoa sote katika nyumba ya kampuni. Nimejaribu kumchukia, kwa heshima ya baba. Sikufaulu. Nitaieleza sentensi hiyo, lakini kwanza nimweleze mwenyewe, la sivyo mtamdhania mtu mbaya, na hapo nitakuwa na kosa la pili.

Alikuwa mrefu, mkavu, vidole vimegeuka rangi ya kahawia kwa dawa za labo. Alikuwa na abakosti moja ya kijivu, lile vazi la serikali lisilo na tai, na beji ya chama yenye picha ya Rais aliibandika kwenye koti la labo, mahali mvuke wa asidi ulipopita kila siku. Baada ya miezi michache uso wa Rais uliota kutu ya kijani. Kijana mmoja, mkubwa wa chama pale chuoni, alikuja kumhoji. Profesa alimjibu kwa adabu zote, akimwita mwananchi kama ilivyoamriwa: "Citoyen, unataka niitoe? Sema mbele ya bantu kama weye njo umenituma niitoe, na miye nitaitoa sasa hivi." Kijana alitazama huku na huku, akamwambia aendelee kuivaa.

Na usidhani alikuwa mpinzani. Siku za kuimba na kucheza ngoma za kumsifu Rais uwanjani, wakati walimu wenzake wanajificha nyuma ya migongo ya makarani, yeye alisimama mstari wa mbele akakata kiuno kwa umakini uleule wa kusoma mizani. Alicheza vizuri ajabu. Tulicheka hadi machozi. Siku moja nilijipa moyo nikamuuliza kama nyimbo zile anazipenda kweli, akasema, "Bakikuona unacheza bibaya, banaanza kukuuliza maulizo. Ukicheza muzuri, banaangalia mwingine." Sikujua kama ule ni woga au akili. Nadhani vilikuwa vyote viwili, na hakuona haya kwa kimoja wala kingine.

Darasani alichelewa siku zote. Tulikuwa tukimwona kupitia dirishani, amesimama njiani na mwuza karanga, wanajadili kwa nini karanga za siku ile zimeungua upande mmoja. Lakini ndani ya labo, mtu aliyechelewa hata kidogo kuvuta sampuli kwenye chupa aliambiwa aanze upya tangu mwanzo, na wala si kwa ukali. Aliambiwa kwa upole, jambo lililouma zaidi. Alipokasirika, aligombana na vyombo, si na watu. Aliitukana pipeti kwa Chiluba cha kwao Kasai, halafu akaigeukia, akaiosha vizuri na kuirudisha mahali pake.

Mkewe alikuwa akiuza vitambaa sokoni, mwanamke mwenye maneno. Ndiye aliyetusimulia habari ya maharage. Nyumbani kwao Kamalondo maharage yalikuwa yanachelewa kuiva, yeye akasema ni makaa mabaya, jirani akasema ni maji ya bomba. Profesa akaingia jikoni. Jumapili ya kwanza akabadilisha makaa tu, maharage na maji yakabaki yaleyale. Jumapili ya pili akabadilisha maji tu. Ya tatu akabadilisha maharage. "Tulikula maharage mpaka batoto banalia," mama yule alisema. "Na kisha anakuja kuniambia: makaa haina kosa, maji haina kosa. Nikamuuliza: basi kosa ni la nini? Anasema: maharage ya zamani, haiyakataliwa bado. Wakati wa kunioa nilimuuliza kama ananipenda. Unafikiri alijibu nini?" Profesa, aliyekuwa amekaa palepale, alitazama sakafu kama mtoto aliyefumaniwa.

Sasa nieleze kazi yake, kwa sababu bila hiyo hakuna kisa. Yeye hakushughulika na nini kinageuka kuwa nini. Hayo, alisema, yameandikwa vitabuni. Alishughulika na njia. Ukitia jiwe ndani ya asidi na baada ya muda likayeyuka, umeona mwanzo na umeona mwisho, lakini katikati kumepita hatua kadhaa ambazo hakuna jicho litakaloziona. Watu hubuni hadithi za hatua hizo. Hadithi mbili tofauti kabisa zinaweza kuanzia palepale na kuishia palepale. Utajuaje ipi ni ya uongo? Profesa alisema: ipime mwendo wake. Badilisha kitu kimoja, vingine uviache, utazame kama mwendo umebadilika, na kwa kiasi gani.

Alitufundisha kwa mashini ya kusagia mahindi. "Enda kwa mashini ya Katuba Jumamosi," alisema. "Bamama beko na mabeseni, laini inafika mpaka barabarani. Ukiita bamama wengine kumi, unga utatoka mbio zaidi? Hapana. Ukileta mashini ya pili? Ah, voilà. Sasa hata kama hukuingia ndani, hata kama mulango umefungwa, unajua kintu moja: kinachochelewesha shi bamama." Hatua ya polepole ndiyo inayotawala mwendo wote, na kile ambacho ukikiongeza mwendo haushtuki, hakimo katika hatua hiyo wala kabla yake. Nimefundisha somo hili tangu wakati huo, na sijapata mfano mwingine.

Lakini sehemu aliyoipenda ni ile iliyofuata, na hapo alishusha sauti. Kipimo cha mwendo kinaweza kuifukuza hadithi ya uongo. Hakiwezi kuitawaza hadithi ya kweli. Ile uliyobaki nayo mkononi imesalia tu kwa kuwa bado haijafukuzwa. Pengine kuna nyingine ambayo hukuifikiria, nayo ingetoa tarakimu zilezile. Ndiyo maana ya neno lake. Aliwahi kumrudishia mwanafunzi kazi ya mwaka mzima kwa sababu ya neno "imethibitishwa" kwenye ukurasa wa mwisho. Mwanafunzi yule alilia. Profesa alimnunulia soda, akakaa naye hadi akamaliza kuinywa, ila neno hakumruhusu kulibakiza.

Baba yangu alikuwa mwangalizi wa matanki katika karakana ya majaribio ya kampuni ya shaba, karibu na reli. Mle ndani ya matanki waliyeyusha jiwe jeusi lenye kobalti. Tuliishi katika kambi ya wafanyakazi, nyumba ya matofali yenye bomba uani, na kila mwezi kampuni ilitoa unga kwa familia. Nasema hivyo ili ijulikane kazi ya baba ilikuwa imebeba nini: paa, maji, chakula na karo yangu.

Mwaka ambao nilikuwa namaliza masomo, tanki la baba lilianza kuchelewa. Jiwe lililokuwa likiyeyuka kabla ya zamu kwisha sasa lilikuwa linalala mle hadi siku ya pili. Injinia wa karakana alikuwa na hadithi yake. Asidi ndiyo inayolila jiwe, alisema. Jiwe likiliwa polepole, asidi ni pungufu. Asidi ikiwa pungufu, kuna anayeiiba na kujaza maji. Hadithi hiyo ilisikika vizuri kwa sababu mjini kila mtu alijua asidi ya viwandani inaishia wapi: kwenye betri za malori na teksi. Baba akasimamishwa, na ikaundwa kamati ya nidhamu. Baadhi ya wakubwa walitaka wapate pia neno la mtaalamu kutoka nje, wakamwita Profesa.

Nilifurahi. Nilijiona nimeokoka. Siku alipoleta labo gunia dogo la lile jiwe jeusi, niliingia na koti langu tayari. Profesa akanizuia mlangoni.

"Weye hapana," alisema. "Ile ni tanki ya papa yako."

"Prof, miye njo najua kazi hii kupita bote."

"Najua. Njo juu ya ile. Mukono wako utampenda papa yako, na weye hautajua. Utaosha vyombo."

Nikaosha vyombo. Hata yeye mwenyewe hakujiamini. Alimwomba mwenzake wa idara nyingine achanganye miyeyusho na kuipa herufi, ili yeye anayepima asijue ipi ina asidi nyingi na ipi ina kidogo hadi mwisho. Niliona kupitia mlango ulioachwa wazi akivuta sampuli, akichuja, akipima kobalti iliyokwisha kuingia majini, anarudia tena. Kwa hasira yangu sikuona wakati ule kwamba nilikuwa natazama jambo zuri kuliko yote niliyopata kuyaona katika taaluma yangu.

Yeye alikuwa na hadithi ya pili. Katika matanki yale waliongeza pia chumvi ya chuma, ile ya kijani, na Profesa alidhani kwamba chuma ndicho kinachogusa jiwe kwanza na kulilegeza, hatua ya polepole ni hiyo, asidi inakuja baadaye kumalizia haraka haraka. Hadithi ya injinia ikiwa kweli, punguza asidi nusu, na mwendo utashuka nusu au karibu na hapo. Ya Profesa ikiwa kweli, punguza asidi na mwendo hautajali. Punguza chuma, utaona. Herufi zilipofunguliwa, asidi nusu, mwendo uleule. Chuma nusu, mwendo nusu. Halafu akaomba chumvi ya chuma kutoka stoo ya karakana. Magunia yalikuwa yamenyeshewa. Ile ya kijani ilikuwa imeoza na kuwa ya njano kama udongo, na chuma kilichogeuka hivyo hakifai tena kwa kazi ile. Stoo hiyo ilikuwa chini ya injinia.

Hata kama baba angeiba asidi nusu nzima, tanki lisingechelewa kwa ajili hiyo. Hadithi ya injinia ilikuwa imekufa.

Mbele ya kamati Profesa alieleza yote hayo kwa Kifaransa kizuri, bila kumtazama mtu. Waliokuwepo walimsimulia baba, na baba akanisimulia mimi, kwa hiyo nayajua kana kwamba nilikuwamo. Mwenyekiti alitikisa kichwa akaridhika. Waliomtakia baba mema walianza kupumua. Mtu mmoja hata alifunga kalamu. Hapo Profesa, bila kuulizwa na mtu, akaongeza: "Lakini lazima niseme pia, kwa ukweli, kwamba vipimo hivi havionyeshi kama asidi iliibiwa au haikuibiwa. Hilo siwezi kulikataa."

Ile ndiyo sentensi.

Injinia aliidaka hewani. Mtaalamu mwenyewe, alisema, hawezi kukataa kwamba kulikuwa na wizi! Kuanzia hapo hakuna aliyesikia tena habari ya chuma. Inasemekana Profesa alisimama akajaribu kueleza kwamba tanki na wizi ni mambo mawili, na mwenyekiti akamshukuru na kumwonyesha mlango. Baba alifukuzwa. Kabla mvua hazijaisha tulikuwa tumehamia mtaa wa Katuba, vyumba viwili vya matofali ya udongo, mama akaanza kukaanga vitumbua kando ya barabara. Karo yangu ya miezi ya mwisho sikujua ililipwa na nani. Nilikuja kujua baadaye, na hapana haja ya kueleza.

Nilimwendea nikiwa na maneno makali, nikamkuta ameketi labo peke yake, pipeti zote zimeoshwa. Alisema kabla sijafungua kinywa: "Nilisema kweli." Halafu: "Nilisema kweli ambayo hakuna muntu aliniomba." Sikuyatoa maneno yangu. Sijui yalikwenda wapi.

Tangu hapo kila mwisho wa mwezi alikuja Katuba na baiskeli yake, gunia la unga nyuma. Alisema ni mabaki ya kwake, uongo wa wazi, kwani kwake kulikuwa na watoto saba. Alikaa na baba uani wakacheza dama kwa vifuniko vya chupa. Alicheza vibaya kuliko wote niliowahi kuwaona. Baba alimla kila mchezo, akamcheka, akamwita "Prof wa maji ya baridi", na yeye akacheka naye, ila kila alipoinua macho akaona ule ukuta wetu ulioanguka pembeni, kicheko kilikatika. Miaka ilipita hivyo. Sikumbuki hata mara moja wakizungumza habari za tanki. Mama alikuwa akipokea gunia kwa mikono miwili, akisema "Aksanti, Papa Prof," na kugeuka haraka. Mimi nilikula ugali ule. Nilijua nakula majuto ya mtu mwingine, na nilikuwa na njaa.

Mimi nikawa mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari hukohuko Katuba. Baba akazeeka, mapafu yakamshinda. Msimu wa mvua uliopita, Profesa akiwa amekwisha kustaafu, baba alilala asiinuke tena. Mchana mmoja nilikuwa namnywesha uji. Aliniita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao.

"Mama," alisema, "ile asidi, nilikuwa naichukua. Chupa kwa chupa."

Nilimfuta midomo, nikatoka na kikombe uani, nikakiosha muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Nilifikiria zile betri. Nilifikiria magunia ya unga, moja moja, yanavyopanda mlima wa Katuba juu ya baiskeli ya mtu asiye na kosa. Hasira yangu ya miaka yote ilikuwa imepotea njia. Baba hakulirudia neno hilo, na baada ya wiki chache tulimzika. Profesa alikuja kilioni, akakaa mkekani pamoja na wanaume, akawa wa mwisho kuondoka. Kila nilipopita na chai nilishindwa kumtazama usoni.

Hazikupita siku nyingi akanifuata shuleni. Nilikuwa katika kichumba tunachokiita labo, kabati moja na meza, napanga chupa kabla ya kipindi. Alikuwa amezeeka vibaya, abakosti ya kijivu inamning'inia mabegani. Nikampa kiti, akakataa, akasimama kama mtu aliyekuja kujitetea.

"Directeur mupya wa kule karakana," alianza, "alikuwa mwanafunzi wangu. Kesho ananipokea. Mutoto wangu, nitamwambia papa yako hakuiba. Nitasema: miye, niliyepima, nasema hakuiba. C'est tout. Bafungue tena dosie yake, ile faili ya kazi, mama yako apate haki ya mujane."

Mtu aliyemliza mwanafunzi kwa ajili ya neno moja, aliyekataa kumwambia mkewe mwenyewe "ndiyo", alikuwa amejifunza sentensi kwa moyo, nzima, isiyo na "bado" hata moja, na ilikuwa ya uongo bila yeye kujua. Mama yangu alikuwa na paa linalovuja na miguu inayovimba kwa kusimama kwenye mafuta ya moto. Kunyamaza tu, na kesho mambo yangenyooka. Baba alikuwa kaburini, hawezi kujitetea wala kuaibika. Nilitaka kunyamaza, nasema wazi. Lakini nilimwona pale, anaenda kuharibu kitu pekee alichokuwa amekitunza maisha yake yote, na anakiharibu kwa ajili yetu.

"Prof, usiseme vile."

"Juu ya nini?"

"Juu aliichukua. Aliniambia yeye mwenyewe, mbele ya kufa. Chupa kwa chupa."

Nilingoja mabega yake yashuke. Nilikuwa nimefikiria kwamba itakuwa kama kumtua mtu mzigo kichwani, kwamba angeketi, angepumua, pengine angelia. Nikaongeza haraka, "Donc haukukosa, Prof. Miaka yote ile, haukukosa. Ulisema hauwezi kukataa, na ilikuwa kweli."

Ndipo akaketi, si kwa kupumzika.

"Muntu akirusha jiwe gizani na likapiga mwizi," alisema polepole, "utasifu macho yake? Miye sikujua, siku ile. Sikujua, na nilisema mbele ya bantu bale benye balikuwa banangoja tu kusikia." Alivua miwani, akaishika bila kuipangusa. "Na balimufukuza juu ya tanki. Tanki haikuchelewa juu ya papa yako. Ile haibadiliki hata kama alibeba asidi yote ya Katanga. Kesho nitaenda. Nitasema ya tanki, vile niliona. Kisha nitafunga kinywa."

"Na ya chupa?"

"Nani ataniuliza ya chupa?"

Kengele ililia nje, wanafunzi wakaanza kujipanga mlangoni. Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimemtoa baba yangu, siri yake ya mwisho, nikamkabidhi mtu huyu kama dawa, naye ameiweka pembeni. Nilijisikia mtupu, na nilijisikia mwizi. Lakini Profesa hakuinuka. Alikuwa amekunja uso, ule uso wa zamani wa mbele ya mchoro.

"Alizichukua kupeleka wapi?" aliuliza.

"Kwa betri, Prof. Bote balikuwa bakifanya vile."

"Alisema betri?"

"Hapana."

"Alisema aliuza?"

"Hapana."

"Ufunguo wa stoo ya asidi ulikuwa kwa nani?"

Sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata siku moja. "Kwa injinia," nikasema.

"Basi mwangalizi wa tanki anaingia namna gani mu stoo imefungwa, chupa kwa chupa, na hakuna anayemuona? Alifunguliwa? Alitumwa? Alikatala, bakamutisha? Ao aliuza kweli, juu ya masomo yako? Yote ile inaweza kusema 'nilikuwa naichukua'. Yote." Aliinua macho. Hayakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo nisilolisahau. "Alikuwa muzima, mutoto wangu, mbele yako, na alianza yeye mwenyewe kusema. Weye ulimuuliza nini?"

Wanafunzi walikuwa wakisukumana mlangoni. Profesa alingoja, kama alivyozoea kungoja chupa itoe rangi yake, bila kunisaidia.

"Nilimwambia alale," nikasema.